Wifi Yangu na Pedali ya Breki

Nilikuwa jikoni namenya viazi niliposikia mume wangu akiita kutoka chini ya pikapu, "Pampu!" Mwanamke akaitikia, "Napampu!" Mwanamke huyo hakuwa mimi.

Nisiwatie wasiwasi. Alikuwa dada yake, mzaliwa wa kwanza wa nyumba ile, wifi yangu halali kabisa. Hata hivyo kisu kilisimama mkononi. Kama angekuwa amemwita jirani, au fundi kutoka Karatu mjini, ningeendelea na viazi vyangu. Lakini ile sauti iliitikia kwa uhakika, kama mtu aliyerudi kwenye kiti chake baada ya kukiazimisha.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufanya kazi hii, ngoja nieleze. Si ngumu, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kujifunza. Ukikanyaga breki unasukuma oili. Oili hiyo inapita kwenye mabomba membamba kama kalamu mpaka kwenye kila gurudumu, na kule inabana breki. Oili haibanwi, ukiisukuma huku, inasukuma kule kwa nguvu ileile. Hewa inabanwa kama sifongo. Bomba likitoboka, au likifunguliwa ili libadilishwe, hewa inaingia, na hapo utakanyaga pedali mpaka iguse sakafu huku gari linajiendea. Kwa hiyo hewa lazima itolewe. Mafundi wetu huita kutoa upepo.

Inataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani na kukanyaga pedali mara kadhaa mpaka ijae, kisha anaikandamiza bila kuiachia. Mwingine yuko chini, kwenye gurudumu, na spana yake. Analegeza kidogo kinati cha kutolea hewa kilicho nyuma ya gurudumu, oili inaruka nje pamoja na hewa, pedali inazama, naye anakaza kinati kabla mwenzake hajainua mguu. Mguu ukiinuliwa mapema, gari linavuta hewa upya na kazi yote inarudi mwanzo. Hawa wawili hawaonani. Wanategemea sauti tu: pampu, shika, achia. Ndiyo maana nasema inataka watu wawili wanaosikilizana, hasa kwa gari litakaloshuka ule mlima wa kuelekea Mto wa Mbu likiwa na shehena ya kabichi.

Tangu nimeolewa, mtu wa juu nilikuwa mimi.

Mimi si mtu wa huku. Wazazi wangu walitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa ya Oldeani, wakabaki. Nilipoolewa kwenye ukoo wa Wairaqw, nilikuta kila kitu kina mwenyewe. Shamba lilikuwa la baba mkwe, ng'ombe wa mama mkwe, na hata mawe ya jikoni yalikuwa na historia nisiyoijua. Pikapu nayo ilikuwa ya baba mkwe, lakini alipofariki haikuwa na mtu wa kuipeleka sokoni, kwa kuwa mume wangu anapenda shamba na hapendi kupatana bei. Nikajifunza kuendesha. Nikaanza kushusha kabichi na karoti Mto wa Mbu, nikapata wateja wangu, wengine wenye vibanda, wengine wapishi wa kambi za wageni. Wakaniita Mama Kabichi. Lile gari ndilo lililonipa mahali pa kusimama kwenye nyumba ile. Naomba mlikumbuke hilo, ili msinione mwanamke mwenye roho ndogo kwa sababu ya pedali tu.

Wifi yangu alikuwa amerudi nyumbani siku si nyingi kabla. Ndoa yake ya Digodigo ilikuwa imefika mwisho, na alikuja na begi na sanduku la vyombo. Tulimpokea vizuri. Nilimwandalia kitanda mwenyewe. Ni mwanamke mrefu, mwenye kucheka kwa sauti, na huko Digodigo alikuwa akiendesha Land Rover ya mumewe kwenye njia ambazo nikisimuliwa tu napata kizunguzungu. Alipoiona pikapu yetu aliipapasa boneti kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

"Bado upo, mzee," aliiambia. Mimi akanisalimia baadaye.

Nilivumilia. Kisha bomba la breki la nyuma likatoboka. Niligundua mwenyewe nikitoka Rhotia: pedali ilishuka zaidi ya kawaida, nikashuka kwa gia mpaka nikapata mahali pa kuegesha, nikachungulia chini na kuona oili ikichirizika. Bomba lilikuwa limesuguana na kibano chake kwa miaka, na tope letu jekundu lilimalizia kazi. Nilirudi polepole kwa gia ya kwanza. Nilitegemea kuambiwa pole. Mume wangu aliniambia pole, ni kweli, lakini wakati wa chakula cha jioni akaongeza:

"Nimefikiria. Breki zikitengemaa, dada ashike hiyo safari ya Mto wa Mbu. Amezoea milima. Wewe upumzike kidogo."

"Nimekuambia nimechoka?"

"Hujasema. Lakini dada naye anahitaji shughuli."

"Wifi, mimi sina haraka," wifi yangu alisema, akijimegea ugali. "Mkinipa nitashukuru, msiponipa nitalima."

Alisema vizuri, na uzuri wake ndio uliniudhi. Angesema kwa ubaya ningepata la kujibu. Nililala nikiwaza sauti ya wapishi wangu wakimwita yeye Mama Kabichi.

Basi, kesho yake mume wangu alikwenda Karatu mjini kukatiwa bomba jipya na kupanuliwa midomo ya ncha zake, ili likikazwa lisivujishe. Alirudi akalifunga. Nilimaliza viazi vya kwanza nikisubiri aniite. Aliyeitwa ni dada yake.

Nilifuta mikono, nikachukua birika la chai na vikombe, nikatoka.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mto wangu. Mimi ni mfupi, kwa hiyo kwenye kile kiti nimeweka mto mdogo niliouvika kitambaa cha kitenge. Sasa mto ulikuwa juu ya boneti, kwenye vumbi. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho, kwa ajili ya miguu mirefu. Kile kiti kilikuwa na kutu kwenye reli, na mimi niliwahi kuhangaika nacho nusu siku nikakiacha. Yeye alikuwa amekisukuma. Alikuwa amevua viatu, ameegemea, mguu kwenye pedali yangu, anaongea Kiiraqw na kaka yake kupitia sakafu ya gari.

Kiiraqw changu ni cha sokoni: salamu, bei, na matusi mawili matatu. Wao walikuwa wanakiongea mbio. Mume wangu alisema neno, dada akajibu, na wote wakacheka, mume wangu akicheka kule chini kicheko chembamba ambacho sikuwahi kukisikia tangu nimfahamu. Kilikuwa kicheko cha mtoto. Nilisimama pale na birika la chai, nikamwonea wivu mwanamke kwa sababu ya kicheko.

"Mnacheka nini?" niliuliza.

"Ah, wifi, mambo ya zamani," alisema. "Baba alikuwa akitutuma hivi hivi. Huyu mumeo alikuwa hafikii pedali. Anakanyaga amesimama, anapiga kichwa paani."

"Ulikuwa unanipiga makofi," sauti ikatoka chini.

"Ulikuwa unaachia kabla ya kuambiwa!"

Wakacheka tena. Niliweka chai juu ya pipa la mafuta, karibu na mto wangu, nikaukung'uta ule mto kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.

"Upepo umetoka?" niliuliza.

"Mbele tayari," mume wangu alisema. "Nyuma unasumbua. Inatoka kidogo kidogo tu. Dada, tena. Pampu!"

"Napampu!"

"Shika!"

"Nimeshika!"

Niliinama nikatazama. Kwenye kile kinati alikuwa amechomeka mrija wa dripu, ule wa hospitali, na ncha yake imezama ndani ya chupa yenye oili kidogo ili mapovu yaonekane. Alilegeza. Oili ilitoka kama chozi. Povu moja, likafuatiwa na lingine dogo. Kwa pedali iliyojaa namna ile, oili ingepaswa kuruka.

Halafu nikaona sababu. Nyuma yote ya gari ilikuwa imeinuliwa juu ya magogo mawili, magurudumu yananing'inia hewani.

Hapa tena lazima nieleze, mniwie radhi. Pikapu kama yetu ina valvu moja nyuma, yenye fimbo ndefu inayoshuka mpaka kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Ukipakia, mgongo wa gari unashuka, fimbo inasukumwa, na valvu inaruhusu oili nyingi iende kwenye breki za nyuma. Gari likiwa tupu, inapunguza, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge ukateleza. Ukiinua gari mpaka ekseli ikaning'inia, valvu inadhani gari ni tupu kuliko utupu wenyewe, na inaibania oili. Ndiyo maana mimi na mume wangu tulikuwa na desturi yetu: tunaacha magurudumu chini, tunapakia magunia ya mahindi nyuma, halafu ndipo tunatoa upepo. Jirani zetu walituona wajinga, tukipakia gari ambalo haliendi popote.

Lakini enzi za baba mkwe ile fimbo ilikuwa imefungwa juu kwa waya, kama walivyofanya wengi, na valvu ilikuwa wazi wakati wote. Yeye aliinua nyuma kwenye magogo na upepo ulitoka. Mimi na mume wangu ndio tulioifungua ile waya na kuweka fimbo mpya, baada ya gari kuteleza likiwa tupu masika moja na kulala kwenye mtaro. Dada hakuwepo. Alikumbuka magogo ya baba yake, akayaagiza, na mdogo wake akayaleta bila kufikiri, maana kwa dada yake alikuwa amerudi kuwa yule anayekanyaga amesimama.

Kwanza nilimimina chai, nikampa wifi kikombe, nikasikiliza "pampu" na "shika" zikipita, na sitasema kwamba sikufurahi. Kisha nikafikiria mlima, na ile kona ambapo magari ya watalii husimama watu wapige picha ziwa, na nani atakayekuwa ameshika usukani.

"Baba watoto," nilisema, "angalia fimbo."

Nilimsikia akijiburuta chini ya gari. Kisha nikasikia, "Lo!"

"Fimbo gani?" dada akauliza.

"Ya valvu. Nimesahau kabisa. Dada, tumeinua bure."

"Baba aliinua."

"Baba aliifunga kwa waya. Sisi tuliifungua."

Aliposema sisi, wifi alinitazama. Mara ya kwanza siku ile nilihisi ardhi imara chini ya miguu yangu. Nilinywa chai.

Tulishusha gari. Tatizo likawa mzigo. Magunia ya mahindi yalikuwa yameshasagwa, na kabichi za kupeleka sokoni bado zilikuwa shambani. Tukapandisha madumu ya maji yaliyokuwepo. Mume wangu akaingia chini, akaitazama fimbo, akasema:

"Bado kidogo. Mmoja wenu apande nyuma."

Nataka muelewe ubaya wa sentensi hiyo. Nimetoa jibu, na malipo yake ni kupakiwa kama gunia, huku yeye anabaki kwenye kiti. Wifi tayari alikuwa anarudisha mguu kwenye pedali.

"Panda, wifi," alisema. "Mimi niko hapa tayari."

"Anayetakiwa ni mzito," nikasema.

"Basi?"

"Basi shuka."

Kichwa cha mume wangu kilichungulia kutoka chini, kikaona hali, kikarudi.

"Wifi, unaniita mnene?"

"Nakuita mrefu. Mrefu ana mifupa mingi. Mimi hata dumu la maji linanizidi."

"Hilo dumu lina makalio kama hayo?"

"Makalio ni haya, lakini hayana uzito. Ni nguo tu. Nimevaa vitenge viwili."

"Kaka! Unasikia mkeo?"

"Mimi niko chini ya gari," alisema mume wangu. "Sisikii kitu. Amueni, oili inakauka."

Tukatazamana, mimi nimeshika mto wangu kifuani, yeye ameshika usukani. Nilijua kwamba nikipanda nyuma siku ile, nitabaki nyuma. Nadhani naye alijua. Sikuwa na utani tena.

"Wifi," nilisema taratibu, "hii sehemu ninaiomba. Vingine tutagawana. Hii ninaiomba."

Alitazama miguu yake mitupu juu ya pedali, akavuta viatu vyake, akashuka. Alipokuwa anapanda nyuma gari lilishuka kidogo, akapaza sauti, "Haya, mzigo umefika! Msiniuze Mto wa Mbu!"

Nilikivuta kiti mbele. Kilikataa, nikakipiga teke, kikaja. Niliweka mto, nikakaa, nikaweka mguu.

Kutoka chini mume wangu akaita kwa Kiiraqw.

"Anakuambia upampu," wifi akatafsiri kutoka nyuma.

"Nimejua," nikasema. "Lakini aniambie mwenyewe."

Kuku walipita mbele ya gari. Kisha ikaja ile sauti ninayoijua, ya chini, isiyo na kicheko chochote ndani yake:

"Mama. Pampu."

"Napampu."

"Shika."

"Nimeshika."

Pedali ikazama chini ya mguu wangu, polepole na kwa mfululizo, na nikasikia oili ikiruka kwenye chupa. "Imekuja," alisema. "Mapovu makubwa. Usiachie. Usiachie. Haya, achia." Tulianza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na chombo cha oili, kisha la kulia, tukiongeza oili kila mara ili chombo kisikauke kikavuta hewa tena. Kama mtajaribu wenyewe, msisahau hilo la kuongeza; wengi wanaharibu hapo, na wala si jambo la kuona aibu, unaanza upya tu. Mwisho pedali ilisimama juu, ngumu, kama kukanyaga jiwe. Ningeweza kukaa pale mpaka jioni nikiikanyaga.

Tulijaribu gari kwenye njia ya shambani, mume wangu pembeni yangu, wifi bado nyuma kwa kuwa alikataa kushuka. Nilifunga breki ghafla kidogo kuliko ilivyohitajika. Dumu moja lilianguka na kelele ikatoka nyuma, kwa Kiiraqw, na neno lile nililielewa.

Jioni mume wangu aliweka ufunguo mezani katikati yetu.

"Kesho kabichi zinashuka," alisema. "Sijui niseme nini."

"Usiseme," nikamwambia. Nikauchukua ufunguo. "Nitashusha mimi. Dada akae pembeni, nimwoneshe wateja. Baada ya hapo tutapokezana. Yeye upande wa juu, mahoteli ya njia ya geti la Ngorongoro, kule sijawahi kufika na ni kwenye milima yake. Mimi Mto wa Mbu."

"Wapishi wote wa juu?" wifi aliuliza.

"Utawatafuta mwenyewe. Nami niliwatafuta mwenyewe."

Alifikiri, akanyoosha mkono, tukapeana kama watu waliouziana mbuzi.

Tulishuka asubuhi. Breki zilishika vizuri kila kona, na kila kona wifi alikanyaga sakafu upande wake, mguu wake wa kulia umekakamaa. Nilijifanya sioni. Nilimweleza mahali pa kushusha gia, nikamtambulisha kwa wateja wangu kama wifi yangu, wala sikumtaja kama dereva. Mmoja alimsifia urefu wake. Nikampa huyo mteja kabichi ndogo.

Tulipokuwa tunapakia makreti matupu, simu ya wifi ikalia. Alikuwa kaka yake. Waliongea Kiiraqw, haraka, na akacheka, na kutoka kwenye simu nikasikia kile kicheko chembamba, cha mtoto.

"Amesema nini?" niliuliza alipokata.

"Amesema tununue chumvi."

"Chumvi inachekesha?"

"Wifi," alisema, akipanda upande wake wa abiria na kufunga mlango, "nunua chumvi."

Nilinunua. Njia nzima ya kupanda nilikuwa na ile pakiti mapajani, na sikuamini. Tulipofika nyumbani nilishuka wa kwanza, nikampa mume wangu mkononi, nikamtazama usoni nione kama atashangaa. Alishukuru, akaingia jikoni, na nikasikia chumvi ikimiminwa kwenye kopo lililokuwa tupu.

Nilibaki uani, nikakivuta kiti cha dereva nyuma hadi mwisho, kwa ajili ya kesho yake, maana ilikuwa zamu ya wifi. Kiligoma. Ilinibidi nimwite aje anisaidie.